Mlio Mmoja Safi Huonyesha Sauti Imeharibikia Wapi



Siku ya kutangaza bei ya korosho kila mtu hutega masikio. Katibu wa chama cha msingi hushika maiki na kusoma bei ya mnada. Vyombo vya sauti vikiwa vizima, watu wote husikia namba moja. Vikiwa vinakwaruza, mmoja husikia "sabini" na jirani yake husikia "tisini". Maneno hayo mawili yanafanana mwisho. Tofauti yake iko mwanzoni, katika herufi chache tu. Spika mbovu huzimeza herufi hizo.

Tufanye hesabu kidogo. Hizi si bei za msimu wowote, ni mfano tu. Tuseme bei iliyosomwa ni shilingi 2,170 kwa kilo. Wewe umesikia shilingi 2,190. Tofauti ni shilingi 20. Una kilo 500 ghalani. Zidisha 20 kwa 500. Utapata shilingi 10,000. Siku ya malipo utazikosa shilingi hizo 10,000 na utasema umeibiwa. Utagombana na katibu, na wenzako watakufuata. Kumbe hakuna aliyeiba. Spika ndiyo iliyosema vibaya.

Mimi kazi yangu ni ugani wa kilimo huku Lulindi. Nazungumza na wakulima juu ya ubwiriunga wa mikorosho, juu ya salfa, juu ya kupogolea matawi. Maneno hayo yana vipimo na tarehe ndani yake. Kipimo kikisikika vibaya, dawa hutiwa vibaya. Kwa hiyo kwangu sauti safi ni chombo cha kilimo, kama lilivyo jembe.

Vyombo vinapokwaruza, watu wengi husema, "Vimechoka. Tuchange tununue vingine." Mara nyingi kilichoumwa ni kimoja tu. Huenda ni maiki. Huenda ni waya. Huenda ni spika. Kazi ni kujua ni kipi. Leo tutajifunza kutengeneza kifaa kidogo cha kutusaidia kujua. Kifaa hiki hutoa mlio mmoja safi. Mafundi hukiita osileta. Sisi tutakiita kitoa mlio.

KUSIKIA NI KAZI YA MAENDELEO

Nchi yetu inajua thamani ya kusikia vizuri. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza Redio Tanzania pamoja, wakasoma kitabu cha kampeni, wakajadili. Baada ya hapo walichimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio moja iliwakusanya watu wengi. Redio ile ingekwaruza, kikundi kizima kingekosa somo.

Siku hizi redio ni nyingi na simu ni nyingi. Hata hivyo mkutano wa kijiji, chama cha msingi, shule, msikiti na kanisa bado hutegemea spika iliyofungwa juu. Vyombo hivyo vinahitaji mtu wa kuvipima.

SAUTI NI KITU GANI?

Piga ngoma, kisha weka kiganja juu ya ngozi yake. Utahisi ngozi inatetemeka. Ngozi hiyo inasukuma hewa. Hewa inasukuma ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio lako. Hiyo ndiyo sauti.

Mitetemo ikiwa michache kwa sekunde moja, sauti huwa nzito. Ikiwa mingi, sauti huwa nyembamba. Mbu jike akipita karibu na sikio lako usiku, mabawa yake hupiga kama mara 400 hadi 600 kwa sekunde. Kitoa mlio chetu kitatetema kiasi cha mara 1,000 kwa sekunde. Wazee waliosikiliza redio ya BBC wanaujua mlio wa namna hiyo. Ni ule mlio wa saa uliolia mara sita kabla ya saa kamili, mitano mifupi na wa mwisho mrefu.

MLIO SAFI NA MLIO MCHAFU

Chukua chupa tupu ya soda. Puliza juu ya mdomo wake. Utasikia mlio mwororo. Huo ni mlio ulio karibu na usafi. Sasa mkumbuke nyuki au mbu. Mlio wake unakereza. Ndani yake kuna milio mingine mingi midogo iliyopandana.

Mlio safi ni mtetemo mmoja tu, peke yake. Chombo kibovu huongeza juu yake milio ambayo hakuletewa. Ukikipa mlio mmoja, kikatoa ule mmoja pamoja na mingine, ile mingine imetoka ndani ya chombo chenyewe. Huo ndio uchafu tunaoutafuta.

Utauliza: kwa nini tusipime kwa muziki? Muziki una milio mingi tangu mwanzo. Uchafu hujificha ndani yake. Ukitaka kujua kama maji yana tope, huyatii katika chungu cheusi. Unayatia katika glasi na kuyatazama kwenye mwanga. Mlio safi ndio glasi yetu.

Basi kitoa mlio chenyewe lazima kiwe safi. Glasi chafu haipimi maji. Kutoa mlio wowote ni rahisi. Kutoa mlio safi kunataka kipimo.

SIRI IKO KWENYE PEMBEA

Mfikirie mtoto anayebembea chini ya mwembe. Unamsukuma kidogo kila anaporudi. Ukimsukuma kwa nguvu ndogo mno, pembea hupunguza mwendo na kusimama. Ukimsukuma kwa nguvu nyingi mno, atapanda juu hadi agonge tawi. Ukimsukuma kwa kiasi kinachotosha, atabembea vizuri mpaka jioni.

Kitoa mlio hufanya kazi kama pembea hiyo. Kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kichujio. Kichujio hurudisha mlio mmoja vizuri kuliko milio mingine yote. Lakini hata mlio huo hukirudisha theluthi moja tu. Sehemu ya pili ni kikuza sauti. Hicho huuzidisha mlio uliorudi.

Kichujio kikirudisha theluthi moja, kikuza sauti kizidishe mara ngapi ili mlio usipungue wala usiongezeke? Mara 3. Theluthi moja mara 3 ni moja kamili. Kikizidisha chini ya mara 3, mlio hufa. Kikizidisha zaidi ya mara 3, mlio hukua mpaka unagonga kikomo cha betri. Ukigonga hapo, kichwa cha mtetemo hukatwa, na mlio huwa mchafu. Mtoto amegonga tawi.

MTU WA TAA NDOGO

Kichujio cha namna hii kinatokana na kazi ya mwanasayansi wa Ujerumani aitwaye Max Wien, ya mwaka 1891. Taabu ilikuwa ni ile mara 3. Nani atakaa hapo akisukuma pembea kwa kipimo kile kile saa zote? Joto likibadilika, betri ikishuka, kipimo huhama.

Kijana mmoja wa Marekani, William Hewlett, alipata dawa alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Alitia taa ndogo ya umeme katika njia ya kikuza sauti. Mlio ukikua, taa hupata moto. Taa ikipata moto, hubana umeme zaidi, na mlio hupungua. Mlio ukipungua, taa hupoa, na mlio hurudi. Taa ile ikawa mlinzi asiyelala. Uzuri wake ulikuwa huo tu: kitu cha bei ndogo kikafanya kazi kubwa.

Mwaka 1939 Hewlett na rafiki yake David Packard walianza kutengeneza vifaa hivyo katika banda la gari, mjini Palo Alto. Mtaji wao ulikuwa dola 538. Kampuni ya sinema ya Walt Disney ilinunua vifaa vinane kwa kazi ya sauti ya filamu ya Fantasia, iliyotoka mwaka 1940. Kampuni yao ilikua ikawa kubwa duniani. Ilianzia bandani, na kitoa mlio.

Sisi tutatumia daiodi mbili mahali pa taa. Daiodi ni rahisi kupatikana na hazili betri. Kazi yake ni ile ile: mlio ukizidi, huupunguza. Taa hutoa mlio safi zaidi kidogo. Lakini kwa kupima vyombo vya kijiji, daiodi zinatosha. Ukirekebisha vizuri, uchafu utabaki karibu sehemu moja katika mia.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Vingi utavipata kwa fundi redio wa Masasi au Newala. Vingine utavitoa katika redio mbovu.

1. Aisii moja yenye miguu 8. Iwe 741, TL071 au TL081. Usitumie LM358, kwa sababu huongeza uchafu wake katika mlio. Nunua na kiti chake cha miguu 8.
2. Rezista mbili za omu 15,000. Rangi zake ni kahawia, kijani, machungwa.
3. Rezista tatu za omu 10,000. Rangi zake ni kahawia, nyeusi, machungwa.
4. Rezista moja ya omu 1,000. Rangi zake ni kahawia, nyeusi, nyekundu.
5. Kapasita mbili za plastiki zilizoandikwa 103.
6. Kapasita tatu zilizoandikwa 104.
7. Daiodi mbili ndogo za kioo, namba 1N4148.
8. Vitasa viwili vya kuzungusha vya omu 10,000, kama kile cha kuongezea sauti ya redio.
9. Betri mbili za volti 9.
10. Kibao kikavu, misumari midogo ya shaba, waya mwembamba, lehemu na chuma cha kulehemu.
11. Swichi yenye njia mbili, na waya wenye plagi inayoingia katika amplifaya yako.

Soma orodha hii mara mbili kabla ya kwenda dukani. Weka alama mbele ya kila kitu ulichokwisha kupata.

NAMNA YA KUUNGANISHA

Kwanza jifunze kuhesabu miguu ya aisii. Ina alama ya pengo upande mmoja. Weka pengo juu. Mguu wa kwanza ni wa juu kushoto. Hesabu kushuka: 1, 2, 3, 4. Kisha vuka kulia na uhesabu kupanda: 5, 6, 7, 8. Miguu ya 1, 5 na 8 hatuitumii. Iache.

Lehemu kwenye kiti, si kwenye aisii. Aisii huharibiwa na moto. Itie kitini mwisho wa kazi.

Hatua ya kwanza: betri. Unganisha upande wa kutoa wa betri ya kwanza na upande wa kujumlisha wa betri ya pili. Mahali hapo wanapokutana pigilia msumari. Huo ndio msumari wa kati. Andika herufi K kando yake. Upande wa kujumlisha uliobaki upeleke mguu wa 7. Upande wa kutoa uliobaki upeleke mguu wa 4. Pitisha waya hizo mbili katika swichi, ili betri zote ziwake na kuzimika pamoja. Weka kapasita moja ya 104 kati ya mguu wa 7 na K, na nyingine kati ya mguu wa 4 na K.

Hatua ya pili: kichujio. Kutoka mguu wa 6, weka rezista ya 15,000. Mwisho wake ufuatishe kapasita ya 103. Mwisho wa kapasita uende mguu wa 3. Sasa kutoka mguu wa 3 weka rezista ya pili ya 15,000 hadi K. Kutoka mguu wa 3 huo huo weka kapasita ya pili ya 103 hadi K.

Hatua ya tatu: mara 3. Kutoka mguu wa 2 weka rezista ya 10,000 hadi K. Kutoka mguu wa 2 tena weka rezista ya pili ya 10,000. Mwisho wake uende kitasa cha kwanza. Tumia mguu wa kati wa kitasa na mguu mmoja wa pembeni. Kutoka kitasa, weka rezista ya tatu ya 10,000 hadi mguu wa 6. Kando ya rezista hii ya tatu funga daiodi zote mbili. Moja ielekee mbele, ya pili ielekee nyuma. Mstari mweusi wa moja uwe upande huu, na wa nyingine upande ule. Zikielekea upande mmoja, mlio utakuwa mchafu.

Hatua ya nne: kutolea mlio. Kutoka mguu wa 6 weka rezista ya 1,000. Mwisho wake uende mguu mmoja wa pembeni wa kitasa cha pili. Mguu mwingine wa pembeni uende K. Mguu wa kati uende kapasita ya tatu ya 104, kisha waya wa ndani wa plagi. Waya wa nje wa plagi uende K.

Umemaliza? Usiwashe bado. Soma hatua zote upya, na kidole kikifuata waya. Ni bora mwenzako asome na wewe ufuate.

KUKIWASHA NA KUKIREKEBISHA

Tia aisii kitini, pengo likiwa upande wake. Zungusha kitasa cha kwanza hadi kiwe na omu chache kabisa. Zungusha cha pili kishuke chini. Ingiza plagi katika redio nzima yenye tundu la kuingizia sauti. Washa. Panda kidogo kitasa cha pili.

Sasa zungusha kitasa cha kwanza polepole sana. Mahali fulani mlio utaanza. Ongeza unywele tu, ili usife, halafu uache hapo hapo. Mlio safi uko jirani na pale unapoanzia.

Fanya jaribio moja la kufundisha sikio. Endelea kuzungusha kitasa cha kwanza hadi mwisho. Mlio utakua. Msikilize mwenzako anapuliza chupa, halafu sikiliza mlio wako. Ukianza kusikia kukereza, mtoto anakaribia tawi. Rudisha nyuma hadi mlio uwe mwororo. Fanya hivyo mara kumi. Baada ya hapo sikio lako litaujua uchafu hata ukiwa mdogo.

Kama hakuna mlio kabisa, chukua mita. Pima mguu wa 7 na K. Uone karibu volti 9. Pima mguu wa 4 na K. Uone karibu volti 9, upande wa kutoa. Kama moja haipo, tatizo ni betri au swichi. Kama zote zipo, tazama aisii haikugeuzwa, kisha tafuta lehemu iliyoshika vibaya.

Ukitaka mlio mzito, badili kapasita zote mbili za 103. Ukitia mbili za 223, mlio utakuwa kama mitetemo 480 kwa sekunde. Ukitia mbili za 104, utakuwa kama 106. Daima zibadilishe zote mbili kwa pamoja.

KUPIMA VYOMBO VYA KIJIJI

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Vyombo vyenu vina maiki, waya, amplifaya na spika. Sauti hupita humo kama maji katika mfereji. Tope limeingilia wapi?

Kwanza, toa maiki. Ingiza kitoa mlio katika tundu la amplifaya la kuingizia redio. Anza na sauti ndogo. Sikiliza.

Mlio ukitoka safi, amplifaya na spika ni nzima. Mgonjwa ni maiki au waya wake. Tingisha waya wa maiki karibu na plagi. Mara nyingi umekatikia hapo. Mmeokoa fedha za amplifaya mpya kwa kulehemu waya mmoja.

Mlio ukitoka mchafu, zima amplifaya, badili spika. Weka nyingine mnayojua ni nzima. Mlio ukiwa safi, ile spika ya kwanza ndiyo mbovu. Huenda karatasi yake imepasuka. Huenda vumbi la barabara zetu limeingia ndani na linakwaruza. Huenda ni skrubu iliyolegea. Kaza skrubu kabla hujainunulia mbadala.

Mlio ukibaki mchafu kwa spika zote mbili, tatizo ni amplifaya au umeme wake. Sikiliza vizuri. Mlio ni mchafu hata sauti ikiwa ndogo? Basi kuna kitu kimekufa ndani ya amplifaya. Mpelekee fundi na umwambie ulichokiona. Mlio ni safi sauti ikiwa ndogo, na mchafu ikiwa kubwa? Pima betri au sola kwanza. Betri iliyoshuka hukata kichwa cha sauti. Na kama betri ni nzima, basi mnaidai amplifaya zaidi ya nguvu zake. Punguzeni sauti, au sogezeni spika karibu na watu.

Kwa tundu la maiki tumia rezista ya omu 100,000 katika waya wa ndani wa plagi. Rangi zake ni kahawia, nyeusi, njano. Tundu hilo hutaka mlio mdogo sana. Ukilipa mlio mkubwa, utasikia uchafu ambao umeuleta wewe.

Andikeni matokeo katika daftari: tarehe, chombo, mlio ulikuwaje. Mwakani mtalinganisha.

TAHADHARI

Usifungue amplifaya iliyochomekwa kwenye umeme wa ukutani. Hata ukichomoa, kapasita kubwa za ndani hubaki na umeme unaoweza kuua. Hiyo ni kazi ya fundi aliyejifunza. Kitoa mlio chetu hakihitaji kufungua kitu chochote. Kinatumia tundu la nje na betri ndogo.

Lehemu nyingi zina risasi, nayo ni sumu. Lehemu mahali penye upepo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Watoto wadogo wasichezee vipande vyake.

Usiache mlio ukilia kwa nguvu muda mrefu. Spika hupata moto na kuungua. Mlio mzito wa 106 usiupeleke kwa nguvu katika spika ya tarumbeta, ile inayofungwa juu ya mti au nguzo. Haikutengenezwa kwa sauti nzito. Na usiweke sikio lako mbele ya spika unayoipima.

NA SIMU JE?

Baadhi yenu mtasema, "Simu janja ina programu ya kutoa mlio." Ni kweli. Kama mnayo, itumieni. Mlio wake ni safi, na hatua za kupima ni hizi hizi nilizoeleza. Hata hivyo si kila kijiji kina simu ya kuachia kazi hiyo. Tena anayetengeneza kitoa mlio kwa mkono wake hujifunza rezista ni nini, kapasita ni nini, na kwa nini sauti hukatika. Simu haimfundishi hayo. Kijana anayejua hayo leo ndiye fundi wa redio wa kijiji kesho.

Kwa hiyo nashauri mfanye kazi hii kama kikundi. Chagueni watu wanne au watano. Awepo mwenye macho mazuri ya kulehemu. Awepo anayesoma vizuri, asome hatua kwa sauti. Awepo mwenye sikio, mpiga ngoma au mwimbaji. Mama anayejua kupima unga bila mizani anaweza pia kujua pale mlio unapoanza kuchafuka. Changeni gharama kidogo kidogo. Kifaa kikikamilika, kiwe mali ya kijiji, na kikae kwa mtu mmoja mwaminifu.

Halafu fanyeni desturi moja. Siku moja kabla ya mkutano wa bei, pimeni vyombo. Dakika kumi zinatosha. Na siku ya mkutano, hata kama sauti ni safi, katibu asome kila bei mara mbili na kuiandika ubaoni kwa namba kubwa. Sikio na jicho vikikubaliana, ugomvi hukosa pa kuingilia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mlio mmoja safi unafaa kupima kuliko muziki?
2. Kichujio hurudisha theluthi moja. Kikuza sauti kizidishe mara ngapi? Kikizidisha zaidi, kitatokea nini?
3. Daiodi mbili katika kifaa chetu zinafanya kazi gani? Hewlett alitumia nini mahali pake?
4. Umeingiza kitoa mlio katika amplifaya. Mlio umetoka safi, lakini sauti ya maiki inakwaruza. Utaanza kutafuta wapi?
5. Mkulima ana kilo 800 za korosho. Amesikia bei iliyozidi kwa shilingi 20. Atatarajia shilingi ngapi ambazo hatazipata?
6. Katika kijiji chenu vyombo vya sauti vilipimwa lini mara ya mwisho? Nani atavipima kabla ya msimu ujao?